Jumapili Zisizo na Mvua

Kwa mujibu wa rekodi niliyoijenga kwa mikono yangu mwenyewe, Matombo hakunyeshi Jumapili. Mvua ya masika inaweza kupiga Jumamosi mpaka migomba ilale, ikaendelea Jumatatu kana kwamba haijawahi kukatika, lakini Jumapili, kwa miaka zaidi ya ishirini, sifuri. Safu nzima ya sifuri. Aliyegundua jambo hilo si mimi. Ni mkuu wangu wa kazi, na aligundua mbele ya watu, kwenye skrini kubwa ya chumba cha mikutano, siku ambayo nilikuwa nimejiandaa kumbishia.

"Huyu mpimaji wenu," alisema, akiigonga skrini kwa kalamu, "ama Mungu anampenda sana, ama anajaza fomu akiwa kitandani."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mpimaji huyo ni mama yangu mzazi.

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nimewasikia watu wazima wakisema kwamba takwimu hazina hasira. Takwimu labda hazina. Mimi ninayo, na kwa kiasi kikubwa ndiyo iliyonifanya nifanye kazi yangu vizuri.

Kazi yenyewe ni hii. Ofisi yetu iko Morogoro mjini, na ukifungua dirisha unauona mlima wa Uluguru umejifunika mawingu, kama kawaida yake. Nilipewa jukumu la kuunga rekodi ndefu ya maji ya mlima ule kwa kutumia setilaiti: mvua inayoshuka, unyevu unaobaki udongoni, na maji yanayorudi angani kupitia udongo na majani ya miti. Setilaiti inapita juu mara kwa mara na kupima mawimbi yanayotoka ardhini, nasi tunakadiria kutokana na mawimbi hayo udongo umebeba maji kiasi gani. Kinachoingia, kinachokaa, kinachoondoka. Ukipima mwaka mmoja hujajua kitu. Ukipima mitano unaweza kudanganyika vibaya zaidi kuliko asiyepima kabisa. Inabidi uwe na miaka mingi mfululizo, na hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa setilaiti nazo hufa.

Setilaiti ikifa, inarushwa nyingine. Mpya inakuwa na jicho jingine, inaona kwa namna nyingine, na namba zake hazilingani na za marehemu. Nikimweleza mtu wa nyumbani, namwambia afikirie debe. Umepima mahindi ya ukoo kwa debe moja miaka nenda rudi. Debe linatoboka, unanunua jingine kwa mchuuzi, na lile la mchuuzi limegongwagongwa likatanuka, linameza zaidi. Mavuno ni yale yale, lakini mwaka huu unahesabu madebe machache kuliko mwaka jana. Ukisahau kwamba ulibadili debe, utaanza kumtafuta mwizi ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Mkuu wangu alikuwa ameshampata mwizi.

Kwenye grafu ya kwanza niliyomchorea, unyevu wa upande wa Matombo ulikuwa unapanda na kushuka na misimu kwa miaka mingi, kisha mahali fulani katikati unaanguka ghafla na haurudi tena. Niliweka alama ya kuuliza pale na kuandika chini: hapa setilaiti ilibadilishwa, bado sijaunga. Mkuu wangu aliifuta alama ya kuuliza. Aliuliza tu watu wa mabondeni walianza lini kulima kwa wingi kandokando ya vijito, akaambiwa ni miaka hiyo hiyo, akapiga kofi mezani kwa furaha. Kulikuwa na kamati iliyokuwa inangoja jambo kama hilo. Mto uliokuwa ukinywesha watu wengi huko chini ulikuwa ukipungua wakati wa kiangazi, na kila mtu alitaka kuambiwa wa kumlaumu. Grafu yetu ingepelekwa mbele ya kamati hiyo, na bustani zote za mabondeni upande wa Matombo zingeondolewa.

Bustani mojawapo ni ya mama. Iko chini ya nyumba yetu, kandokando ya chemchemi: magimbi, mchicha, matembele, na mistari michache ya maharage. Ardhi ile haikununuliwa wala haikuombwa kwa mtu. Sisi Waluguru ardhi inapita kwa akina mama, na pale bibi yake mama alilima, na mama yake bibi kabla yake. Mama anaishi kwa shamba lile. Ukimwondoa pale hutakuwa umemhamisha, utakuwa umemmaliza, na hana pengine pa kulima penye maji mwezi wa tisa.

"Mlima haukauki ndani ya wiki mbili, mkuu," nilimwambia ofisini kwake. "Mbuzi ndiye anayekata roho siku moja. Hilo anguko ni setilaiti. Ya zamani ilizimika, mpya ikaanza baada ya miezi kadhaa. Hazikuwahi kupita pamoja hata siku moja."

"Thibitisha."

"Nipe muda."

"Nakupa wiki tatu. Halafu unasaini."

Kuthibitisha kulihitaji kitu kilichokuwepo ardhini kipindi chote, kabla ya setilaiti ya kwanza kufa na baada ya ya pili kuanza, kisichobadilika. Nilihitaji kipima mvua ambacho hakikuwahi kukatika. Viliwahi kuwekwa vingi kuzunguka mlima. Kile cha Mlali nilikikuta uani kwa mtu, kuku wananywea. Vingine viliota kutu, vingine wapimaji wao walifariki na hakuna aliyerithi kazi. Kilichobaki kikifanya kazi kilikuwa kimoja, na kilikuwa uwanjani kwetu.

Nilikuwa nasoma sekondari, Kilakala, kilipowekwa. Nilirudi likizo nikakuta watu wameacha mtungi wa bati umesimama katikati ya uwanja, mbali na migomba na mifenesi, na mama ameshikishwa bomba la kioo lenye mistari na daftari. Aliambiwa: kila siku saa tatu asubuhi, mimina maji humu, soma mstari, andika, mwaga. Ofisi iliyokiweka ilisahau baada ya miaka michache kwamba ina kipima mvua Matombo. Mama hakusahau. Aliponunua kalamu za wajukuu alinunua na ya mvua. Kila nilipokwenda nyumbani nilirudi na picha za kurasa kwenye simu, na mchapaji wetu akaziingiza kwenye kompyuta. Kwa hiyo nilikuwa nazo namba zote. Nilizipitisha kwenye programu yangu, nikazilinganisha na setilaiti zote mbili, na jibu likawa wazi: mvua haikupungua mwaka ule. Udongo hauwezi kukauka ghafla chini ya mvua ile ile, na kubaki hivyo miaka yote iliyofuata. Tulikuwa tumebadili debe.

Hilo ndilo nililolipeleka kwenye chumba cha mikutano. Na hapo ndipo mkuu wangu alipozipanga namba za mama kwa siku za wiki, jambo ambalo mimi sikulifanya, na safu ya Jumapili ikatokea nyeupe peee.

"Data hii imebuniwa," alisema mbele ya wote. "Na tukumbushane pia kwamba aliyeibuni ana shamba pale pale. Na aliyeileta ni mwanawe. Tunaitupa."

Nilikusanya karatasi zangu. Nilipofika mlangoni nilisikia mtu akisema taratibu kwamba ni kawaida, mtu atamtetea mama yake. Nilitaka kurudi nimwambie kwamba mama yangu amewahi kurudi kilomita nne kwa mguu kurudisha chenji aliyozidishiwa dukani. Lakini kwa kweli hata mimi nilikuwa nimeanza kuogopa. Sifuri zile zilikuwepo. Mtu hawezi kubahatika hivyo miaka ishirini.

Siku ya pili yake nilikwenda Matombo. Barabara ilikuwa mbaya kuliko kawaida. Bodaboda alinishusha mara mbili nitembee kwenye utelezi yeye akisukuma pikipiki. Mama nilimkuta uwanjani anaanua karafuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona leo? Leo si siku ya kuja."

Sikuzunguka. Nilimuuliza palepale, kabla hata ya kukaa, nikiwa na matope mpaka magotini. "Mama, Jumapili unapima mvua?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama ana kichwa. "Jumapili?"

"Ndiyo."

"Jumapili nipime mvua? Jumapili saa tatu niko wapi mimi? Si niko misa? Na hata nisingekuwa misa, Jumapili ni siku ya kazi toka lini?"

Aliingia ndani akatoka na sanduku la bati alilowekea daftari. Akafungua moja kwenye magoti yangu. Jumatatu, namba. Jumanne, namba. Mpaka Jumamosi. Na kwenye kila mstari wa Jumapili, kwa ile kalamu yake ya bluu, alama ndogo ya msalaba. Hakuna namba, hakuna sifuri. Msalaba, kila wiki, miaka zaidi ya ishirini.

"Na maji ya Jumapili yanakwenda wapi?"

"Yaende wapi? Yamo kwenye mtungi. Jumatatu nayapima pamoja na ya Jumatatu. Hakuna hata tone nililomwaga bila kuliandika." Alifunga daftari. "Kwani kuna nini?"

Nilikaa chini kwenye jamvi la karafuu. Nikaona kilichotokea, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa ya kwangu. Mchapaji aliona msalaba, hakujua auandikeje, akaacha kisanduku tupu. Halikuwa kosa. Kisha visanduku vitupu vilifika kwenye programu niliyoiandika mimi, na ndani yake kuna mstari mmoja mfupi niliouandika siku nikiwa na haraka: pasipo na namba, weka sifuri. Kukosa kipimo si sawa na kukosa mvua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua hiyo. Mimi nilikuwa nafundisha wengine.

Na hilo bado silo lililoniuma zaidi. Kilichoniuma ni kwamba mimi nimelelewa katika nyumba ile. Nilichapwa mgongoni kwa kufua sketi ya shule Jumapili, na sketi nikatakiwa kuirudisha ilikokuwa, ikiwa na sabuni yake, mpaka Jumatatu. Kijiji kizima jembe halitoki nje siku hiyo. Kila mtu kuanzia misheni mpaka juu kabisa anajua. Mtu pekee duniani aliyekuwa na setilaiti mbili, kompyuta na daftari za mama, na ambaye alipaswa kujua bila kuambiwa, ni mimi, nami nilisahau. Niliwapa watu sababu ya kumwita mama yangu mwongo.

Nilimweleza yote. Sikupunguza kitu. Alisikiliza huku akichambua vijiti kwenye karafuu.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeandika sifuri," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ndiye niliyechekwa."

"Ndiyo."

Akatupa vijiti kando. "Sasa unakaa hapa unafanya nini? Nenda ukarekebishe."

Nilirudi mjini na sanduku zima la daftari mapajani. Kurekebisha kulichukua siku mbili: Jumapili zote zikawa siku zisizopimwa, na kila Jumatatu ikahesabiwa kama mvua ya siku mbili. Safu nyeupe ikaondoka. Nikaziunga upya setilaiti zile mbili juu ya namba za mama, kisha nikazijaribu kwa kila njia niliyoijua, nikitafuta kwa makusudi mahali nilipokosea, kwa sababu sasa nilikuwa najua naweza kukosea. Anguko lilipotea. Mlima wa Uluguru haukukauka mwaka ule. Haukuwahi kukauka hivyo.

Lakini anguko lilipoondoka, kitu kingine kilionekana ambacho lilikuwa limekifunika. Kiangazi baada ya kiangazi, tangu setilaiti ya kwanza mpaka ya pili, udongo ulikuwa unakauka kidogo zaidi. Ilikuwa kidogo sana. Kiasi ambacho aliyepima miaka mitano asingekiona, wala wa kumi. Nilitazama mstari ule ukishuka taratibu na nikatamani kwa dhati nisingeuona. Nilihesabu tena. Ulikuwepo.

Mkuu wangu nilimwonyesha grafu ya anguko lililoondoka na ile ya mstari unaoshuka, pamoja. Alizitazama kwa haraka.

"Ripoti imeshakwenda kwa kamati," alisema. "Tunachohitaji ni saini yako tu. Wewe ndiye mjenzi wa rekodi."

"Siwezi kusaini ile ya kwanza. Si kweli."

"Si mlima unakauka? Wewe mwenyewe umechora unakauka. Kuna tofauti gani?"

"Tofauti ni kwamba ya kwanza inasema aliyefanya ni nani. Na inadanganya."

"Unajua unachofanya?"

"Najua."

"Kikao kiko kwao kule, kwenye ukumbi wa kata. Ukija, unakuja kama mtumishi wa ofisi hii. Utasema kilichomo kwenye ripoti."

"Nitasema kilichomo kwenye rekodi," nilimjibu, nikatoka. Sijidai kwamba sikuogopa. Nina watoto wawili shuleni.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbele walikaa kamati, mwenyekiti wao katikati, mkuu wangu kando yake na grafu ya kwanza imekuzwa kwenye turubai. Mama alikaa safu ya tatu kwa kitenge chake cha kwendea misa, na mjomba, kaka yake mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu katika mambo ya ardhi, alikaa mbele kabisa akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Mkuu wangu alizungumza vizuri. Alionyesha anguko. Alisema ninyi mlipoingia mabondeni, mlima ukakauka, na hili limeonekana kutoka angani ambako hakuna upendeleo. Kisha akaniita nithibitishe.

Nilisimama na kusema grafu ile ni yangu na ina kosa. Nikawaeleza habari ya debe. Nilisikia guno la kuelewa likipita ukumbini, kwa sababu hapakuwa na mtu pale ambaye mchuuzi hajawahi kumtolea debe lililotanuliwa. Nikaeleza mvua ya mama. Nikaeleza msalaba wa Jumapili, na sifuri, na kwamba aliyeziweka sifuri ni mimi. Nilisema pia kwamba setilaiti haioni bustani ya mtu; kisanduku kimoja cha picha yake kinameza vijiji vitatu na misheni ndani yake, na yeyote anayedai kumwona mkulima fulani kutoka huko juu anawadanganya.

Mwenyekiti alivua miwani. "Ni kweli kwamba mpimaji ni mama yako?"

"Ni kweli, mheshimiwa. Yule pale. Na daftari zake zote ni hizi. Mchague mtu yeyote asiyekuwa ndugu yetu, azihesabu upya."

"Mama," alisema mwenyekiti, "kwa nini Jumapili hukupima?"

Mama alisimama taratibu. "Shida iko wapi, mheshimiwa? Wewe Jumapili uko ofisini?"

Ukumbi ulicheka, na safari hii nilicheka nami. Watu walianza kupiga makofi. Mjomba aligeuka akanitazama kwa macho ya mtu aliyeona kizazi chake kimelipa. Ningeweza kukaa chini. Mkuu wangu alikuwa akinitazama pia, na nilijua anachongoja: nikae chini, nionekane nimemtetea mama tu, kama walivyosema.

"Sijamaliza," nilisema. Nikaonyesha mstari wa kiangazi.

Nilisema mlima unakauka. Polepole, kila kiangazi, tangu tulipoanza kupima. Bado sijui sababu. Inaweza kuwa joto, inaweza kuwa misitu ya juu inayochomwa, inaweza kuwa bustani, inaweza kuwa vyote kwa pamoja, na asiyekuwa na vipimo vya vijito vyenyewe asijifanye anajua. Lakini unakauka, na ningekuwa mwongo kama ripoti ile endapo ningewaonyesha nusu tu inayowafurahisha.

Makofi yalikufa. Mjomba aliinuka kwa kuegemea fimbo yake.

"Mtoto wa dada yangu," alisema, "umetuvua kitanzi kwa mkono wa kulia ukatuvalisha kwa wa kushoto? Nani alikuuliza hilo?"

"Hakuna, mjomba."

"Basi ungenyamaza."

"Nikinyamaza kwenye hili, mjomba, lile la kwanza nani ataliamini?"

Alitoka nje, na watu wengi wa ukoo wetu wakamfuata. Mpaka leo baadhi yao tukikutana njiani nawaamkia shikamoo na marahaba inakuja kwa shida. Kamati iliahirisha amri ya kuondoa bustani mpaka vijito vipimwe. Hiyo ndiyo habari iliyofika mjini. Wiki iliyofuata nilikabidhiwa barua ya kuhamishiwa masjala, kupanga mafaili, na rekodi akapewa mwingine ambaye hakuitaka na haigusi.

Mimi naigusa. Namba za setilaiti ziko wazi kwa yeyote duniani mwenye kompyuta na intaneti, na hakuna barua ya uhamisho inayoweza kunizuia kuzichukua. Kila alfajiri kabla ya kazi nashusha mpya, naziunga, naandika kila nilichofanya na kwa nini, pamoja na makosa yangu, kwa lugha ambayo atakayekuja baada yangu ataielewa. Ile setilaiti tunayotumia sasa nayo itakufa. Nimeshaanza kuiandalia maungio yake. Mkuu wangu anajua, na amewahi kuniuliza kwenye korido nani amenituma. Nilimwambia hakuna aliyenituma, ndiyo maana hakuna wa kunisimamisha.

Jumamosi moja, mwezi wa tisa, nilikwenda nyumbani. Mama hakuwa uwanjani. Nilimfuata chini kwenye chemchemi nikamkuta amejifunga kanga kiunoni, anang'oa magimbi. Alikuwa hang'oi ya kupika. Alikuwa ameng'oa mstari mzima wa karibu na maji, yale magimbi mazuri kuliko yote, na anayapanda upya juu kwenye ukingo mkavu, mahali ambapo nilijua, na yeye alijua zaidi yangu, kwamba nusu yake itakufa. Alikuwa amerudi nyuma hatua kumi kutoka kwenye chemchemi. Pale alipong'oa alikuwa ameacha majani ya asili yaote.

Damu ilinipanda. "Nani kakuhamisha? Nani amekuja hapa?"

"Hajaja mtu."

"Mama, amri imeahirishwa. Hawana haki. Niambie ni nani."

"Nimekwambia hajaja mtu." Alinyoosha mgongo. "Ulisema pale ukumbini mlima unakauka, hukusema?"

"Nilisema. Lakini sikusema ni wewe. Kile kisanduku..."

"Najua. Kinameza vijiji vitatu. Sasa kila mtu kwenye vijiji vitatu akisema si mimi, atakuwa nani?"

Nilimwambia kwamba hata sababu bado haijajulikana, kwamba vijito havijapimwa, kwamba angoje angalau miaka mitano nipate uhakika. Alinitazama kwa huruma kidogo. Ana miaka sabini na kitu, na tope lilikuwa limemfika kwenye viwiko.

"Ile karatasi yao ya uongo isingenitoa hapa," alisema. "Hata wangekuja na polisi, wangenikuta nimekaa juu ya magimbi yangu. Hizi hatua kumi nimezitoa kwa neno lako wewe." Akainama akashika shina jingine, akalizungusha mpaka mizizi ikaachia. "Kwa hiyo usikosee."